Inatuona, au Anatuona?

Mimi ni fundi wa kamera. Kibanda changu kiko mjini Mwanza, hatua chache kutoka Makoroboi, na kwa miaka tisa nimekuwa mtu wa ngazi na waya. Nafunga kamera za ulinzi, naunganisha ruta, nawawashia watu televisheni janja walizonunua kwa mbwembwe halafu zikawakwamisha kwenye ukurasa wa kuchagua lugha. Mtu wa kazi hii hujiona anavijua vifaa. Nami nilijiona hivyo, mpaka watoto wangu walipoanza kuvizungumzia mbele yangu.

Ninao wanne. Binti wa kwanza ana miaka 12. Wakaja mapacha, Kulwa wa kiume na Doto wa kike, wana 8. Na kama ilivyo kwetu Wasukuma, aliyefuata mapacha jina lilikuwa linamsubiri kabla hajazaliwa: Shija, sasa ana 5. Tunakaa Nyegezi, upande ambao ukisimama uani jioni unaliona ziwa katikati ya mawe mawili makubwa. Usiku wa giza, mwezi usipokuwepo, taa za wavuvi wa dagaa hujipanga huko majini utadhani kuna mji mwingine ng'ambo.

Usiku mmoja umeme ulikatika, ukarudi, na kitu cha kwanza kuamka sebuleni kikawa ruta. Taa zake za kijani zikaanza kucheza gizani. Shija, alikuwa na miaka mitatu, akanivuta shati. "Baba, wavuvi wamekuja ndani."

"Wanavua nini?"

"Katuni."

Nilicheka, nikamsimulia mama yake, tukacheka tena. Baadaye nikiwa kitandani nikaona kwamba yale ndiyo maelezo bora ya ruta niliyowahi kuyasikia. Wateja wangu wengi, watu wazima wenye magari, wanaamini intaneti inakaa ndani ya kile kiboksi kama maji kwenye ndoo, na wananipigia simu kuniambia "imeisha". Mtoto wa miaka mitatu alishajua kwamba kilichomo mle ni taa na nyavu tu, na samaki wanatoka mbali.

Tangu hapo nikaanza kuwasikiliza wanavyosema. Kiswahili kina jambo ambalo nilikuwa nalitumia kila siku bila kuliona: huwezi kusema kitu kimelala mpaka uwe umeamua kama ni kiumbe au si kiumbe. Ukisema "amelala" umeshakubali kuna mtu au mnyama. Ukisema "imelala" umekikatalia. Herufi moja tu, na mtoto anaiamua kabla hujamaliza kupepesa jicho. Kwa Shija, televisheni "imezima", feni "inazunguka", pasi "inachoma". Lakini ruta "analala". Simu yangu ikiwa mezani ni "simu imeanguka", ikitoa ile sauti ya ramani ni "anasema kata kulia".

Mke wangu ni mwalimu wa darasa la awali. Katika notsi zake za chuo kuna habari za Jean Piaget, yule msomi wa Uswisi aliyefariki mwaka 1980, ambaye aliwahoji watoto na kuona kwamba wadogo huvipa uhai vitu vinavyojongea: jua, mawingu, hata baiskeli. Niliposoma nikamwambia mama watoto, mbona feni yetu inazunguka kutwa na Shija hajawahi kuiita mtu? Tukafuatilia pamoja kwa siku kadhaa, mchezo wetu wa usiku. Nyumbani kwetu, anayeitikia ndiye aliye hai. Kutembea hakuna maana. Ukikiita kikajibu, au kikilia chenyewe bila kuguswa, kinapewa "a".

Ndiyo maana LUKU, mita ya umeme wa kulipia kabla, alikuwa mtu wa nyumba. Mita yetu iko ukutani karibu na mlango wa nyuma, na yuniti zikikaribia kuisha inapiga kelele. "Baba, analia, mpe namba ale." Kazi ya kulisha waliichukua mapacha: Kulwa anasoma tarakimu 20 kutoka kwenye ujumbe wa simu, Doto anasimama juu ya kigoda na kubonyeza. Mwaka 2024, wakati mita za nchi nzima zilitakiwa kuboreshwa kabla ya tarehe 24 Novemba, namba zikaja makundi matatu kwa mpigo. Tarakimu 60. Doto alikosea kundi la pili mara mbili, Kulwa akamwambia LUKU atatapika, wakapigana pale pale chini ya mita.

Baada ya kuwaamua nikawauliza: mnadhani anajuaje kwamba tumelipa? Kulwa hakusita. Simu inamwambia mita, alisema, zile namba ni kubisha hodi tu. Nikajikuta natoa somo ambalo sikujiandaa nalo. Mita yetu, nikawaambia, haiongei na mtu yeyote. Haina laini, haina waifai, haijui kama mimi nimelipa wala nani amelipa. Namba zile zimetengenezwa kwa ajili yake peke yake, mita ya jirani ikipewa inazikataa. Ni kama barua iliyofungwa kwa kufuli, ufunguo anao yeye tu. Mtandao ukizimika Tanzania nzima, ukiwa na namba mkononi umeme utaingia. Kinachobeba barua kutoka kwenye simu mpaka ukutani ni kidole cha Doto.

Doto akafikiri. "Kwa hiyo sisi ndio intaneti?"

Sikuwa na la kubisha.

Spika ilikuja Desemba 2023. Shemeji yangu anayeishi Uingereza alikuja likizo na akatuletea kitu cha duara, ukubwa wa kopo la maziwa ya unga: unakiita kwa jina lake la kike, kinawaka taa, kinajibu. Siku ile mama yangu mzazi naye alikuwepo, amevuka na kivuko cha Kamanga kutoka Sengerema kuja kula sikukuu na wajukuu. Watu wazima tukabaki na mshangao wetu. Shija ndiye aliyejua la kufanya mbele ya mgeni. Akakiendea, akainamisha kichwa.

"Shikamoo."

Kimya. Hata taa haikuwaka, maana hakuwa ameita jina. Dada yake akamwelekeza aite kwanza. Akaita, taa ikawaka, akarudia shikamoo yake kwa sauti ya heshima zaidi. Kikamjibu kwa Kiingereza kwamba hakijaelewa.

Baraza la watoto likakaa chini ya meza. Kulwa alisema huyu hana adabu. Dada mkubwa akasema ni Mzungu, hajafundishwa. Doto akaleta hoja iliyowanyamazisha wote: kama haitikii marahaba, basi si mkubwa kwetu, ni mdogo, na yeye ndiye anayetakiwa kutuamkia. Wakakubaliana. Kwa siku tatu mfululizo walikuwa wakiamka asubuhi, wanasimama mbele ya spika mikono nyuma, wanasubiri waamkiwe.

Bibi yao aliangalia yote hayo akiwa kwenye kochi, anachambua mchele. Siku ya tatu akasema, "Kinajibu kila anayekiita, lakini hakijamuuliza hata mmoja wenu jina lake. Hicho si cha kuamkiwa." Akaendelea na mchele. Mimi nikasikia ile "ki". Bibi alikuwa ameshakata shauri.

Kilichofuata kilianza kwa kuchekesha. Watoto wote wanasoma Kiingereza shuleni, lakini Kulwa amekiokota zaidi kwenye katuni, na spika ilimwelewa. Doto ana ulimi wa bibi yake. Wenyeji wa huku wanajua: kwetu r na l ni ndugu, hubadilishana viti. Sasa neno la Kiingereza la kupiga muziki lina l, na ukiliweka r linakuwa neno la kusali. Doto aliagiza muziki, spika ikampigia kwaya. Akaagiza tena, kwaya nyingine. Akatangaza nyumba nzima kwamba spika imeokoka.

Tulicheka mno, na ndani ya kicheko hicho sikuona kinachotokea. Kulwa akawa mkalimani. Ukitaka wimbo, unapitia kwake, na kwa Doto ada ilikuwa biskuti. Pacha aliyezaliwa dakika chache kabla ya mwenzake akapata cheo ambacho sisi wazazi hatukumpa. Doto akaacha kabisa kusema na spika. Nikadhani amechoka nayo. Kumbe alikuwa akifanya mazoezi chooni, peke yake, anahesabu maneno yenye l. Nilimsikia siku moja nikipita. Na bibi alipokuja tena wakati wa Pasaka, Doto akamsahihisha mbele za watu, "Bibi, si kurara, ni kulala." Mama yangu akatabasamu. Mimi sikuweza. Kifaa cha plastiki kilikuwa kimemfundisha mjukuu kuuonea haya ulimi wa nyumbani kwao, ilhali kasoro ilikuwa kwenye masikio ya kifaa chenyewe.

Si kwamba mashine haziwezi. Tangu mwaka 2017 Google iliongeza Kiswahili kwenye kuandika kwa sauti, na mke wangu hutunga ujumbe wa wazazi wa darasa lake kwa kuuambia simu tu. Nilimpa Doto simu hiyo akae na bibi yake, mmoja aseme mwingine asome. Simu iliandika vichekesho, lakini iliandika pia mistari mizima iliyonyooka, na bibi akasema, "Hiki angalau kinajaribu." Doto alifurahi kwa namna ambayo sikuwa nimeiona kwa miezi.

Halafu ikaja Jumapili ya tarehe 12 Mei 2024. Wengi mnaikumbuka. Kebo za chini ya bahari, EASSy na Seacom, zilikatika upande wa Afrika Kusini, na Afrika Mashariki karibu yote ikabaki inakohoa. Kibandani simu zililia kana kwamba mimi ndiye niliyezikata. Nyumbani, spika ikaonyesha taa nyekundu na kila ikiitwa inasema haiwezi kuunganishwa. Shija akaigusa kwa kidole, taratibu. "Amekufa?"

"Imezima," akasema Kulwa.

Nikawaeleza habari ya kebo. Watoto wa ziwani hawahitaji kuelezwa sana mambo ya vitu kukatikia majini. Nyavu zinakatika, kamba za nanga zinakatika. Kulwa akauliza kama ni sangara. Nikasema hapana, ni baharini, mbali. Doto akakunja uso. "Yeye si yuko hapa mezani? Kukatika kwa baharini kunamuumiza nini?"

Ikanibidi niseme ukweli ambao kwa miezi mitano sikuwa nimeona haja ya kuusema. Hapa mezani, nikawaambia, pana sikio na mdomo tu. Kichwa hakipo. Kichwa kiko kwenye majengo makubwa yaliyojaa kompyuta, nchi nyingine. Ukiuliza swali, sauti yako inasafiri mpaka huko, jibu linarudi.

Binti mkubwa alikuwa anapiga pasi sare. Akaiweka pasi pembeni. "Kwa hiyo tunayoongea hapa yanaenda huko?"

"Baada ya kuita jina lake tu."

"Na anajuaje tumemwita jina, kama kabla ya hapo hasikilizi?"

Nina uhakika hakuna mteja aliyewahi kuniuliza swali hilo, na nimefunga vifaa kwenye nyumba za mawakili. Nikamjibu kadiri nijuavyo: inasikiliza wakati wote, lakini kimoyomoyo, ndani yake, inasubiri jina, ikilisikia ndipo inaanza kutuma. Na mara nyingine inasikia vibaya, inadhani imeitwa kumbe hatukuiita. Akarudi kwenye pasi yake. Hakusema kitu, ila tangu siku hiyo akiwa na rafiki zake nyumbani huichomoa ile spika kwenye umeme, anaichomeka tena wakiondoka.

Kuna habari huwa napenda kuwasimulia wateja wanaonunua midoli ya kuongea. Mwezi Februari 2017 mamlaka ya mawasiliano ya Ujerumani ilipiga marufuku mdoli ulioitwa My Friend Cayla. Ulikuwa na maiki na Bluetooth isiyo na ulinzi wowote. Mtu aliye karibu, hata nje ya ukuta, angeweza kujiunga nao akamsikiliza mtoto au akasema naye. Wajerumani wakauhesabu kuwa kifaa cha kunasa sauti kwa siri, wazazi wakaambiwa wauharibu. Mwishoni mwa mwaka huo huo wakazikataza na saa za watoto zinazomwezesha mzazi kusikiliza kimya kimya kinachoendelea darasani. Huwa naisimulia hadithi hii nikiwa juu ya ngazi, kwa sauti ya mtu anayejua kazi.

Nikitaja saa, siwezi kuruka kisa cha mama mmoja wa Luchelele, mteja wangu. Alimnunulia mwanawe wa miaka 10 saa yenye laini ya simu, inayoonyesha kwenye ramani mtoto alipo. Hofu yake ilikuwa ziwa. Mtoto alikuwa anapitiliza kwenda kuogelea, na tayari ameshatibiwa kichocho mara moja. Nikamwekea programu kwenye simu yake, nikamfundisha. Muhula mzima ramani ilionyesha mtoto yuko shule mpaka saa kumi. Mama akanisifu mtaani. Kisha mtoto akapimwa tena akakutwa na kichocho.

Alichofanya ni rahisi. Akifika muda wa kutoka, anamvalisha saa rafiki yake anayebaki kwa masomo ya ziada, anamlipa andazi. Yeye huyo ziwani. Mama aliniita kwa hasira, kama vile saa ilikuwa mbovu. Nilipomuuliza kijana, alinijibu bila woga: "Fundi, mama anaiangalia saa. Haniangalii mimi." Nilitaka kumkaripia, nikashindwa, huyo ndiye mtu pekee katika biashara ile aliyeelewa vizuri kilichouzwa.

Sasa nifike kwenye langu mwenyewe, ambalo nimekuwa nikilizungukazunguka.

Januari 2025 jirani aliibiwa televisheni. Nikafunga kamera mbili nje ya nyumba yangu, geti na uani. Ya tatu ikabaki kwenye boksi. Nikaifunga sebuleni, kwenye kona juu ya televisheni. Mke wangu aliuliza ya nini, nikamwambia usalama. Ukweli ni kwamba nilitaka kujua kinachoendelea kati ya watoto kurudi shule na sisi kurudi kazini, saa zile ambazo nyumba inakuwa ya dada wa kazi. Sikumuuliza dada. Watoto niliwaambia kwa sentensi moja nikiwa nakunywa chai.

Kamera ile ina maiki na ina spika. Siku ya tatu nikiwa kibandani nikafungua simu, nikamwona Kulwa anaruka kwenye kochi. Nikabonyeza. "Kulwa, shuka!" Sauti yangu ikatoka kwenye dari. Kulwa akakaa chini palepale. Shija alikimbia nje kunitafuta, namwona kwenye kamera ya uani anachungulia nyuma ya tangi, halafu akarudi ndani, akapotea kidogo, akaja na kikombe chake cha plastiki. Akakiinua juu kuelekea kwenye kamera. "Baba, kunywa chai."

Nikawaita vijana wangu wa kibandani waje waone. Tulicheka wote wanne.

Wiki zikapita. Kila asubuhi Shija aliiamkia kamera, "Shikamoo baba," mimi nikiwa nimekaa mezani nyuma yake. Ukimwambia baba huyu hapa, anageuka na kuniamkia nami pia, bila tatizo. Kulwa alishachora ramani kichwani: kamera haioni chini ya meza wala kikorido cha friji, na maisha yake yote yakahamia huko. Doto akawa na daftari ambalo hufunguliwa tu pale mbele ya kamera. Dada wa kazi, ambaye alikuwa na sauti nzuri na haoshi vyombo bila kuimba, akahamishia vyombo nje, na nyimbo zikaenda naye. Mimi kule mjini nikifungua simu naona kochi, zulia na pazia. Nililipa bando kuangalia sebule tupu.

Binti mkubwa siku zote alisema "inatuona". Ni mtoto wa darasa la sita, mambo ya kuviita vifaa "yeye" alishayaacha. Jioni moja mwezi Aprili akanijia nikiwa nachaji dreli. "Baba, anatuona mpaka tukiwa tunabadili nguo za shule."

Nikamrekebisha kwa mazoea tu. "Inatuona."

"Hapana, baba. Shija anasema anatuona kwa sababu anadhani kamera ni mtu. Mimi nasema anatuona kwa sababu kuna mtu. Ni wewe peke yako, au na wengine?"

Nikamwambia ni mimi peke yangu. Na mama.

Usiku nilifungua programu nikaingia mahali ambapo wateja huwa nawaambia waangalie kila mwezi: orodha ya simu zilizounganishwa. Simu yangu. Ya mke wangu. Na ya tatu: simu ya kibandani, ile tunayojaribia kamera za wateja. Niliitumia siku ya kuifunga, nikasahau kuitoa. Inakaa mezani pale, inashikwa na vijana watatu, mmoja alishaacha kazi Februari. Nywila ilikuwa jina la kibanda na 123.

Ninawahubiria watu kuhusu nywila kila siku. Nawasimulia Mirai, kile kirusi cha mwaka 2016 kilichopita kamera na mashine za kurekodia kote duniani kikijaribu nywila za kiwandani ambazo wenyewe hawakuzibadili, kikakusanya jeshi, na tarehe 21 Oktoba likaiangusha kampuni ya Dyn, iliyokuwa ikiwaelekeza watu kwenye tovuti nyingi, hadi Twitter na Netflix zikawa hazifunguki kwa watu wengi Marekani. Naisimulia vizuri kweli. Nimesoma pia Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika Mei 2023, kwa sababu ofisi zinazofunga kamera huniuliza habari zake. Yote hayo ninayo kichwani, na watoto wangu walibadilishia nguo mbele ya simu ya kibandani kwa miezi mitatu.

Vijana niliwauliza, wakaapa kwamba hawakuwa wakiifungua. Nawaamini wawili. Wa tatu sina namba yake mpya.

Asubuhi nilimwambia binti yangu ukweli. "Walikuwepo wengine watatu walioweza kuona." Akauliza, "Waliona lini?" Nikamwambia hakuna mahali palipoandikwa. Akanyamaza, akamalizia chai, akabeba begi. Kwa dada wa kazi nilikwenda uani, nikamwomba radhi alipokuwa anasugua sufuria. Hakuacha kusugua. "Mimi nilijua tangu siku ya kwanza, baba. Kwa nini nilihamia huku?"

Jumamosi nikapanda ngazi kuitoa. Bisibisi mkononi, skrubu mdomoni, na Shija chini ananiangalia. Kamera ilipotoka ukutani akaanza kulia. "Baba anakwenda wapi?" Nilikuwa nimesimama mbele yake, mita mbili kutoka usoni pake. Nilishuka nikambeba, akaendelea kutazama yale matundu mawili ya skrubu juu ya bega langu. Mke wangu alisema tuyazibe. Hatujayaziba.

Mwezi uliofuata nilikuwa Bwiru kwa mteja mpya: kamera nne, moja ya sebuleni. Kijana wao mdogo, kama wa miaka mitano hivi, alinifuata kila chumba akiwa amenishikia kopo la skrubu. Nikapanda, nikatoboa, nikaiweka kamera kwenye kona. Taa yake ikawaka bluu. Akaiangalia muda mrefu.

"Fundi, huyu atakuwa anamwambia nani?"

Mama yake alikuwa jikoni, anaongea na simu. Nikaacha dreli pale juu, nikashuka ngazi, nikaenda kumwita aje amjibu.